Mbuzi ya umeme uliyoibuni mwenyewe: dalili na mahali pa kutafuta sababu

Mashine ya kukunia nazi ya dukani huja na kijitabu. Hii uliyoiunda uani kwako haina. Shafti umeiokota kwenye skrepa, mota ilikuwa ya pampu ya maji, fremu ni engo zilizobaki kwenye kazi ya geti, na kichwa cha kukunia umekichora mwenyewe kwa sababu vile vya sokoni havikukuridhisha. Ikianza kusumbua huna wa kumpigia simu. Kilichobaki ni kuisoma mashine yenyewe inavyolalamika.

Hapa Tanga mbuzi za umeme zimezoeleka, sokoni Mgandini na hata nyuma ya nyumba za Ngamiani. Ramadhani ikiingia hazipumziki tangu alasiri mpaka karibu na adhana ya magharibi, na ndiyo maana hufia Ramadhani, siku ambayo mama wa nyumba ana muhogo jikoni unasubiri tui.

Maelezo haya yanachukulia umbo la kawaida: shafti ya milimita 20 au 25 iliyolala juu ya beringi mbili, puli nyuma, mkanda wa A (mkanda wa umbo la V, saizi ya A), mota ya nusu farasi hadi farasi moja, na kichwa cha duara chenye meno mbele, ambapo mtu hushikilia kifuu chenye nazi kwa mkono. Yako ikiwa tofauti kidogo, kanuni ni zilezile.

Toa mkanda kwanza

Fundi mwenye haraka huanza na spana. Wewe anza kwa kuchomoa plagi, usitegemee swichi peke yake, kisha toa mkanda. Mkanda ndio mpaka kati ya nusu mbili za mashine, upande wa mota na upande wa shafti. Ukishautoa, washa mota peke yake. Ikitetemeka au kunguruma ikiwa haina mzigo, ugonjwa uko huko, shafti usiiguse. Ikitulia, zima, chomoa tena, halafu zungusha shafti taratibu kwa mkono mmoja huku kidole cha mkono wa pili kikiwa juu ya kibanda cha beringi, yaani ganda linaloishika beringi kwenye fremu. Kidole husikia ukwaruzaji ambao sikio halisikii.

Jaribio hili halina gharama na ndilo linalorukwa kuliko yote. Nimeona watu wananunua beringi mpya kwa kosa la mota, na wengine wanapeleka mota kusukwa upya kwa kosa la shafti iliyopinda.

Na ukirekebisha, rekebisha jambo moja, washa, angalia, ndipo uende la pili. Anayebadilisha beringi, puli na mkanda kwa mpigo mmoja, mashine ikapona, hajui alichotibu. Ugonjwa ukirudi atanunua vyote upya.

Fremu inakuuma ukiigusa

Hii haisubiri. Fremu ikikurusha, hata kama ni kimchezo tu kwenye vidole, chomoa na usiitumie tena mpaka sababu ipatikane. Sababu huwa mbili kwa pamoja. Ya kwanza, umeme unavuja ndani ya mota, kwa unyevu au kwa waya uliochunika unaogusa ganda. Ya pili, waya wa ethi, ule wa kijani na njano, haujafika kwenye fremu au umekatika ndani ya plagi. Kukosa ethi hakuleti uvujaji. Kunaufanya uvujaji ukufikie wewe badala ya kwenda ardhini. Kwa hiyo ukiunga ethi tu bila kutafuta panapovuja, umefanya nusu ya kazi.

Mkunaji wa nazi ana mikono iliyolowa na mara nyingi amesimama kwenye sakafu yenye maji. Kuvaa kandambili si tiba. Swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, iwekwe kwenye mstari wa mashine hii kabla ya kitu kingine chochote.

Inatetemeka mpaka inatembea sakafuni

Angalia kasi kwanza, kwa sababu hapo ndipo mota ya pampu inapowaponza wabunifu. Umeme wetu ni wa hezi 50. Mota ya poli nne huzunguka mara 1,400 na ushei kwa dakika. Ya poli mbili, na mota nyingi za pampu za maji ni za namna hiyo, hukaribia 2,850. Soma kibati chake. Ukiweka puli mbili zilizo sawa, kichwa kinachukua kasi yote ya mota. Sasa, kichwa ambacho upande mmoja ni mzito kuliko mwingine huivuta shafti kwa nguvu inayopanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, nguvu ya kutetemesha inakuwa mara nne. Kichwa kilichotulia kwenye 1,400 kinaweza kulegeza bolti zote kwenye 2,850 bila kitu chochote kuwa kimeharibika.

Dawa iko kwenye puli. Chukua kasi ya mota, zidisha kwa kipenyo cha puli ya mota, gawanya kwa kipenyo cha puli ya shafti. Mota ya 2,850 yenye puli ya milimita 75, ikivuta puli ya milimita 150, inakupa 1,425. Kwa kichwa cha milimita 70, meno yanakwenda kama mita 5 kwa sekunde. Kwa maoni yangu hapo panatosha kabisa. Ukizidisha hupati nazi nyingi zaidi, unapata nazi ukutani.

Kasi ikiwa sawa, tazama kama kichwa kinayumba. Funga waya mgumu kwenye fremu, ncha yake isimame karibu kabisa na kichwa bila kukigusa, kisha zungusha kwa mkono uone ile nafasi ndogo inavyofunguka na kufumba. Hamisha waya huohuo kwenye shafti, nyuma tu ya kichwa. Mwisho hamishia katikati ya beringi mbili. Sehemu hizo tatu zinakwambia karibu kila kitu. Shafti ikienda sawa na kichwa pekee kinayumba, kosa liko kwenye tundu la kichwa au kwenye uso kinapoegemea: kimechomelewa kikiwa kimeinama, au kuna chembe ya chuma imebanwa hapo kati. Shafti ikiyumba mbele lakini katikati imetulia, imepinda mwishoni, na mara nyingi ni kwa sababu kuna aliyeipiga nyundo akitoa kichwa. Ikiyumba kote, ilikuwa imepinda tangu skrepa.

Hapa niseme neno juu ya nondo. Watu huchonga nondo nene wakidhani wamepata shafti ya bei nafuu. Nondo nyingi za siku hizi hupozwa kwa maji kiwandani zikiwa bado za moto, hivyo ngozi yake ni ngumu kuliko moyo wake. Kisu cha lathe kinateseka kwenye ngozi ile, na ngozi ikiondolewa zaidi upande mmoja, kipande kinaweza kujikunja chenyewe baada ya kutoka kwenye mashine. Isitoshe, ukishaondoa mbavu, nondo ya 25 haikupi tena shafti ya 25. Ekseli ya gari iliyokatwa, au shafti ya mashine kuukuu kutoka kwenye mashamba ya mkonge, ni chuma cha maana zaidi, na hupimwa kwa kilo vilevile.

Kama kichwa hakiyumbi, kasi ni sawa, na bado inatetemeka pale tu nazi inaposukumwa, basi kosa ni la ubunifu: kichwa kimekaa mbali mno mbele ya beringi ya kwanza. Mbunifu hufanya hivyo ili bakuli lipate nafasi chini yake. Lakini kipande cha shafti kinachochomoza hupinda kwa kipeo cha tatu cha urefu wake. Ukikitoa kwenye milimita 100 ukakifikisha 150, kwa mkono uleule unaosukuma, kinapinda zaidi ya mara tatu. Unene nao unasaidia kuliko watu wanavyodhani, maana ugumu hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo. Shafti ya 25 ni ngumu karibu mara mbili na nusu ya ile ya 20. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani kuulizia beringi za bei kubwa, sogeza beringi ya mbele iwe karibu na kichwa na uziachanishe hizo mbili. Mimi hutaka umbali kati yao usipungue mara mbili ya kile kinachochomoza. Bakuli likikosa nafasi, lipunguze ukingo. Bakuli ni rahisi kukata kuliko shafti.

Mguu wa fremu usiofika chini nao hutetemesha. Huo unauona kwa macho.

Beringi inachemka

Baada ya kazi ya muda, zima mashine na uweke kiganja kwenye kila kibanda cha beringi. Ukiweza kukiacha hapo bila taabu, hakuna tatizo. Ukilazimika kukiondoa baada ya sekunde chache, uko kwenye nyuzi joto 60 hivi au zaidi, na hilo lina sababu.

Swali ni beringi ipi. Ikichemka ya nyuma peke yake, iliyo karibu na puli, mkanda umekazwa mno. Ikichemka ya mbele peke yake, ama mzigo wa kichwa ni mkubwa kwa kuchomoza kwake, ama maji ya nazi yamepenya ndani. Zikichemka zote mbili kwa kulingana, grisi imezidi au beringi zinavutana.

Grisi kuzidi ni kosa la wenye bidii. Beringi iliyoshindiliwa grisi inakoroga matope yake yenyewe na kujipasha moto. Nafasi iliyo wazi ndani yake ijazwe theluthi moja hadi nusu, basi. Na beringi mpya yenye vifuniko vya mpira pande zote mbili, ile yenye herufi 2RS, imekuja na grisi yake, usiibandue kuiongezea.

Beringi kuvutana hutokana na mpangilio wa kukaza. Beringi za kibanda, kama zile zinazouzwa kwa jina UCP 205 kwa shafti ya 25, zinaweza kujipanga zenyewe fremu ikiwa imeinama kidogo. Lakini ukishakaza skurubu ndogo zinazong'ata shafti, kisha ndipo ukaze bolti za vibanda kwenye fremu, unavivuta vibanda huku shafti imeshafungwa. Anza na bolti za fremu, zungusha shafti ijitafutie mahali pake, ndipo ukaze zile ndogo.

Kuna sababu moja ambayo haionekani na huwasumbua hasa wanaojiundia: mashine ya kuchomelea. Beringi ilikuwa nzima jana. Leo umeongeza kipande cha engo kwenye fremu kwa kuchomelea, na kesho inakwaruza kana kwamba ina mchanga. Kama koleo la ethi la mashine ya kuchomelea lilikuwa upande mmoja wa beringi na elektrodi upande wa pili, umeme ulipita katikati ya gololi na kuacha vidonda vidogo kwenye njia yake. Vidonda hivyo havitibiki. Beringi ni ya kutupa. Safari nyingine toa shafti nzima kabla ya kuchomelea, au angalau weka koleo karibu kabisa na unapochoma, upande uleule.

Beringi inazunguka juu ya shafti

Dalili yake ni vumbi la hudhurungi linalojitokeza kati ya shafti na ringi ya ndani, na alama zinazong'aa shafti ikishatolewa. Kwa beringi za kibanda, tazama kama zile skurubu ndogo zimelegea. Piga tupa sehemu bapa ndogo kwenye shafti pale zinapong'ata ili zipate mahali pa kukaa. Shafti ikiwa nyembamba waziwazi, skurubu hazitakusaidia, zitaisukuma tu pembeni na kichwa kianze kuyumba.

Kwa beringi tupu, mfano 6205 yenye tundu la 25, upana wa nje 52 na unene 15, hadithi ni nyingine. Kiti chake kwenye shafti kinatakiwa kiwe kikubwa kidogo kuliko 25, kati ya 25.002 na 25.015. Ukienda karakana ya lathe ukasema, "Fundi, shikamoo, naomba unichongee ishirini na tano kamili," mzee anayejua kazi atakujibu, "Marahaba. Kamili ya wapi, mwanangu? Lete beringi." Yuko sahihi. Ipeleke beringi yenyewe, usipeleke namba tu, na uulize kama atapima kwa maikromita. Venia ni nzuri kwa kazi nyingi, ila si kwa sehemu ya mia ya milimita.

Na joto linadanganya. Chuma kilichotoka kuchongwa kikiwa na nyuzi 40 zaidi ya hewa, kwa kipenyo cha 25, kimevimba kama sehemu moja na ushei ya mia ya milimita, karibu upana wote wa ile nafasi unayoruhusiwa. Kikipimwa cha moto kinaonekana kimefika. Kikipoa kimepungua, na beringi inaingia kwa kidole. Fundi mzuri hukiacha kipoe kabla ya mkato wa mwisho.

Kuna wanaopiga pontsi, yaani vidoti vya ncha ya chuma kwa nyundo, kuzunguka kiti ili kukinenepesha. Kwa mashine ya kumaliza wiki, sawa. Ncha za vidoti hivyo hubonyea haraka, na beringi iliyokaa juu yake haikai katikati.

Kichwa kinajifungua nazi ikibanwa

Hapa sababu ni moja na inachekesha mpaka ikupate. Kichwa kimefungwa kwa uzi wa skurubu wa kawaida, na shafti inazunguka upande usiofaa. Simama mbele ya kichwa, pale anapokaa mkunaji. Kama uzi ni wa kulia, yaani unaokazwa kwa kufuata mishale ya saa, shafti inatakiwa izunguke kinyume cha mishale ya saa kwa macho yako. Hapo nazi inapokizuia kichwa, inakikaza. Ikizunguka kwa kufuata mishale ya saa, kila nazi inakifungua kidogo.

Njia rahisi ya kugeuza ni kuigeuza mota ielekee upande wa pili kwenye fremu. Mkanda haubadilishi mwelekeo, kwa hiyo kugeuza mota kunatosha. Au fundi umeme abadilishe ncha za waya wa kuanzia mota. Kuongeza nati ya pili nyuma ya kichwa ni ziada nzuri, lakini nati hiyo peke yake kwenye mzunguko usiofaa itashindwa siku moja, na kichwa kitatoka kikiwa kinazunguka mbele ya kifua cha mtu. Mimi napendelea shafti iwe na bega kichwa kiegemee, kisha kii (kipande cha chuma kinachozuia kichwa kuteleza juu ya shafti), kisha nati ya kufunga mbele. Uzi ukibaki na kazi ya kushika tu, na kii ikabeba mzunguko, mwelekeo haukutishi tena kiasi hicho.

Mkanda unalia

Ukilia wakati wa kuwasha tu, umelegea. Ukilia wakati nazi inabanwa, umelegea au umepata mafuta. Mafuta ya nazi hufika kwenye mkanda kuliko unavyodhani, yakibebwa na mikono na matone yanayorushwa. Osha mkanda na mifereji ya puli kwa sabuni na maji, kausha. Petroli inaharibu mpira.

Ukazaji: bonyeza katikati ya urefu ulio wazi kati ya puli mbili. Ushuke kama milimita 16 kwa kila mita, yaani kwa umbali wa milimita 400 ni kama 6. Mkanda wa A una upana wa 13 juu na kimo cha 8, na unashika kwa mbavu. Ukiona sakafu ya mfereji inang'aa, mkanda umekwisha au puli imelika, na kukaza zaidi kutaua beringi ya nyuma tu. Ukipasuka upande wa ndani mapema, puli ya mota ni ndogo mno. Chini ya milimita 75 mkanda wa A unakunjwa kupita kiasi.

Ukiliwa upande mmoja, puli hazikutazamana. Vuta uzi ukigusa nyuso za puli zote mbili: zikiwa na unene sawa, unatakiwa uguse sehemu nne.

Na mkanda ufunikwe. Ncha ya kanga, mtandio na mkono wa kanzu havihitaji nafasi kubwa. Glavu nazo zisivaliwe mbele ya kichwa kinachozunguka, maana jino likinasa kitambaa linaukokota mkono.

Mota inavuma, haiondoki

Zima haraka; mota inayovuma bila kuzunguka inaungua. Toa mkanda, jaribu tena. Ikigoma kuzunguka na kuvuma hata bila mzigo, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita, wa pili ni swichi ya kuanzia iliyomo ndani, ambayo kwa hewa yetu ya bahari hushika ukungu wa kijani kwenye ncha zake. Kabla ya kugusa kapasita kumbuka kwamba inatunza umeme hata plagi ikiwa nje. Igusishe kwenye nyaya za balbu ya zamani, ile ya waya, kwa sekunde kadhaa imalize ilichonacho.

Ikiondoka vizuri bila mkanda na kugoma ukiurudisha, mota ni nzima. Ama shafti ni nzito kuzunguka, na hilo ulishalisikia kwa kidole, ama umeme unaofika ni mdogo. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hii hushuka kwa mraba wa volti. Kibati kinasema 230. Ukipata 180, umebaki na kama asilimia 61 ya nguvu. Hiyo ndiyo mashine inayokuna vizuri asubuhi na kugoma jioni kila jiko linapowaka. Pima volti kwenye soketi ya mashine wakati inajaribu kuondoka, si ikiwa imepumzika.

Waya mrefu na mwembamba hufanya kosa hilohilo mchana kweupe. Mita 50 za waya wa milimita za mraba 1.5, mota ikivuta ampia 20 wakati wa kuondoka, zinameza volti 23 njiani. Waya wa 2.5 unameza 14. Kuhamishia mashine karibu na chanzo cha umeme ni bora kuliko yote mawili.

Kutu

Aliye Sahare au Raskazone anajua: chuma kilichofutwa leo kina madoa kesho. Kutu kwenye fremu ni sura tu, paka rangi. Kutu kwenye shafti chini ya beringi ya kibanda ni shida, kwa sababu siku ya kubadilisha haitoki na hapo ndipo nyundo inapoingia na shafti kupinda. Ipake shafti grisi nyepesi kabla ya kuivika beringi.

Nazi yenyewe inatoka vibaya

Mashine inaweza kuwa tulivu, baridi, kimya, na bado mteja akalalamika.

Ikitoka rojo inayoshikamana kwenye meno, uliza kwanza kama ni nazi. Koroma ina nyama laini na hakuna meno yatakayoitoa vipande. Ikiwa ni nazi iliyokomaa kweli, meno yamekuwa butu na yanasugua badala ya kukata; yanoe kwa tupa upande unaotangulia mzunguko, na uhakikishe huo ndio upande uliosimama. Kichwa kilichogeuzwa mzunguko baada ya kunolewa kinasugua kwa mgongo wa meno. Ikitoka vipande virefu na vigumu, meno ni marefu mno au machache mno, na tui litakuwa jepesi hata ukamue kwa maji ya moto.

Vipande vya kahawia kwenye nazi nyeupe vinatokana na umbo. Kichwa chako ni bapa mno: ukingo wake unafika kwenye ngozi ya kahawia pembeni kabla uso haujamaliza nyama ya katikati. Chukua kifuu kitupu kilichokunwa vizuri kwa mkono, kipachike juu ya kichwa mashine ikiwa imechomolewa. Kichwa kikigusa ukingoni kwanza na kuacha uwazi katikati, punguza ukingo uwe mviringo zaidi. Kikigusa katikati na kuacha nafasi pembeni, hapo uko sawa, mkono wa mkunaji utatembeza zilizobaki. Jaribu kwa vifuu vidogo na vikubwa, maana kichwa hutengenezwa kwa kifuu kidogo kuliko vyote unavyotarajia kuvikuna.

Tui likiwa na ukijivu, tafuta chuma. Kichwa cha chuma cha kawaida hutoa kutu kila kikilala kimelowa. Tumia stenlesi, na mahali palipochomelewa papigwe msasa mpaka ile rangi ya bluu na kahawia iondoke, kwa sababu hapo stenlesi nayo hushika kutu. Sumaku isikutie moyo wala isikukatishe tamaa: kuna stenlesi inayovutwa na sumaku. Bati la mabati usiliweke popote panapogusa nazi, zinki yake huliwa na vyakula vyenye asidi.

Weusi wa mafuta ni kitu kingine, ni grisi ya beringi ya mbele inayotambaa kwenye shafti hadi nyuma ya kichwa. Kata duara kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, mjini hapa hazikosekani, toboa tundu dogo kuliko shafti, ulivishe kati ya beringi na kichwa. Likizunguka na shafti linarusha grisi nyuma na maji ya nazi mbele. Likichoka unakata lingine.